Niuze kiwanja ili nirudishe mgahawa wangu wa Ubungo?

Dada Mshauri, habari za kazi.

Nina miaka 59, mama wa watoto watatu, naishi Kimara hapa Dar es Salaam. Nakuandikia kwa sababu nyumbani wameshachoka kunisikiliza juu ya jambo hili, na mimi sijachoka kulisema.

Nilikuwa na mgahawa Ubungo, jirani na iliyokuwa stendi ya mabasi ya mikoani. Nilianza kama mama ntilie mwaka 2003, turubai moja na majiko mawili ya mkaa. Baadaye nikapata fremu, nikaweka meza na mabenchi, nikaajiri wasichana wa kuhudumia na vijana wa jikoni. Watoto wangu wote wamesomeshwa na mgahawa ule. Kiwanja nilichonacho Kibaha nilikinunua kwa fedha ya supu, hakuna hata shilingi ya mkopo pale.

Nilikuwa nafungua saa tisa usiku. Wanaoikumbuka Ubungo ya wakati ule wanajua kwa nini. Mabasi ya safari ndefu yalikuwa yanaondoka alfajiri kwa pamoja, kuanzia saa kumi na mbili, na abiria wa Mwanza, Songea au Sumbawanga hakuthubutu kutoka nyumbani asubuhi ile ile. Walikuja tangu usiku na mabegi, ndoo, magunia, watoto wamelala mgongoni. Wakikosa pa kukaa stendi wanakuja kwangu. Mtu ananunua kikombe kimoja cha chai ya tangawizi, anakaa nacho mpaka basi lake lipige honi. Sikuwahi kumwinua mtu kwenye benchi eti kwa sababu amemaliza kunywa.

Supu ya kongoro nilikuwa naibandika jioni, inachemka kwa moto mdogo usiku kucha, ikifika saa tisa nyama inaachia mfupa yenyewe. Chapati tunasukuma pale pale. Madereva na makondakta walikuwa na meza yao ya ndani, wengine wanakula kwa daftari na mwisho wa mwezi tunahesabiana. Januari, wanafunzi wa bweni wakirudi shuleni, kuna wazazi walioniachia watoto wao na namba ya basi, wakaenda kazini. Nilihakikisha mtoto amekula, nikamshika mkono mpaka mlangoni, nikamkabidhi kwa kondakta ninayemjua. Yupo mmoja aliyenitafuta miaka mingi baadaye akiwa na mtoto wake mwenyewe, akamwambia, "Huyu ndiye bibi aliyekuwa ananipandisha basi la Iringa."

Februari 2021 stendi ikahamia Mbezi Luis. Tulitangaziwa mapema, sisemi kwamba tulishtukizwa. Lakini kutangaziwa ni kitu kingine na kuona barabara yako imekauka ni kitu kingine. Makuli waliondoka, wapiga debe wakaondoka, mawakala wa tiketi wakafunga vibanda. Nilijikaza miezi kadhaa nikiwapikia mafundi na bodaboda, ila kodi ilipofika sikuwa nayo. Nikauza friji, meza na mabenchi. Masufuria makubwa, kikaango cha chapati na kibao chenye jina la mgahawa nilishindwa kuviuza. Vipo chumba cha nyuma mpaka leo, binti yangu analalamika kwamba chumba kizima kimegeuka stoo.

Shida yangu ni hii, dada. Mpaka leo saa nane usiku nashtuka, nakaa kitandani sina la kufanya. Wakati mwingine nasema naenda sokoni, kumbe napanda gari mpaka stendi ya Mbezi, nakaa kwenye kiti cha abiria, naangalia watu wanavyokula. Kijana aliyekuwa mpishi wangu wa supu sasa ana banda lake karibu na stendi hiyo. Ni mtoto mzuri, ananiita mama, na amenikaribisha mara nyingi. Nilipokwenda akaniwekea bakuli. Nilipoonja nikakuta ni supu yangu kabisa, nikashindwa kuimaliza. Niliona wivu, na niliona aibu kwa wivu ule.

Sasa dalali amenipatia fremu huko huko Mbezi, barabarani. Laki nne kwa mwezi, mwenye fremu anataka kodi ya mwaka mzima, na anayetoka anataka kilemba cha milioni tatu. Kuna mtu yuko tayari kununua kiwanja changu cha Kibaha kwa milioni kumi na mbili. Dalali anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, anasema wapo wengine wanaingojea. Binti yangu anasema, "Mama, yamepita, pumzika." Mume wangu amenyamaza tu. Miguu yangu huvimba nikisimama muda mrefu, lakini nikiwa jikoni kwangu sidhani kama ningeisikia.

Niuze kiwanja? Na je, ni wazimu mtu mzima kulilia mgahawa kama anayelilia mtu?

Mama wa Supu, Kimara

JIBU

Dada yangu,

Kiwanja usiuze. Naanza na hilo kwa sababu umewekewa mwisho wa mwezi, na sitaki uendelee kusoma huku moyo unadunda. Sasa tuzungumze.

Si wazimu. Kwa zaidi ya miaka kumi na saba watu walikuja kwako wakiwa na njaa, na usingizi, na hofu ya kuachwa na basi, na wewe ukawapokea. Mwili uliozoea kuhitajiwa saa tisa usiku hauachi kuamka kwa sababu mabasi yamebadilisha kituo. Na angalia ulivyoondoka pale. Mtu akifiwa, majirani wanaleta mikeka, wanakaa naye, wanapika kwake, mpaka arobaini inapita kuna anayekuja kumjulia hali. Wewe ulipofunga, aliyekuja ni mwenye fremu kuchukua ufunguo. Hakuna aliyekaa nawe, maana kwa macho ya watu ile ilikuwa biashara, na biashara zinafungwa kila siku. Binti yako naye anaposema yamepita hana ubaya. Yeye aliujua mgahawa kama mahali palipomchukua mama yake usiku na kumrudisha amechoka. Yule mtoto wa basi la Iringa aliujua kwa namna nyingine, na wewe uliujua kwa namna zote mbili. Msimulie binti yako habari ya mtoto yule, kama hujawahi. Nina hakika anajua ada yake ilitoka wapi, ila sina hakika kama anajua ulichokuwa unakifanya pale.

Ningekuomba ufanye kitu ambacho hukupata nafasi ya kukifanya mwaka 2021. Toa lile sufuria kubwa, bandika kongoro jioni, uwaite watu wako: wasichana waliokuhudumia, vijana wa jikoni, wakala wa tiketi mliyekuwa jirani, madereva wawili watatu ambao namba zao bado unazo. Waite nyumbani Kimara, Jumapili moja, wale, wasimulie, na watoto wako wawepo. Mgahawa wako haukuwahi kuagwa, na mimi naamini sehemu kubwa ya kinachokuamsha usiku ni hicho.

Fremu ya Mbezi ni jambo jingine, na hapa nakuomba unisikilize kwa kichwa kile ulichokuwa unahesabia daftari la makondakta.

Umenieleza mwenyewe siri ya biashara yako, pengine bila kuiona. Supu ilikuwa nzuri, sina shaka. Lakini kilichowaleta watu mbele ya supu ile saa tisa usiku ni kwamba kwa miaka mingi mabasi yalikatazwa kusafiri usiku, kwa hiyo karibu nchi nzima iliondoka Dar es Salaam kwa saa moja au mbili zile za alfajiri. Umati ule wa watu wenye njaa mahali pamoja, kwa wakati mmoja, kila siku ya Mungu, ndio uliosomesha watoto wako. Unadhani umati ule ulihamia Mbezi na mabasi. Haukuhamia wote, na uliohamia umetawanyika.

Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku. Anayekwenda Mbeya leo anaweza kuondoka jioni baada ya kazi akala nyumbani kwake kwanza. Tiketi mtandao nayo imeingia: mtu ameshakata kiti chake kwa simu, ana uhakika nacho, haoni sababu ya kulala stendi kukilinda. Kampuni nyingine zina ofisi zao na abiria wao hupandia huko huko, hasa maeneo ya Shekilango, ambako wewe unakujua vizuri kuliko mimi. Halafu ikaja treni ya SGR. Juni 2024 ilianza kubeba abiria hadi Morogoro, mwezi uliofuata ikafika Dodoma, na Agosti Rais Samia akaizindua rasmi. Fikiria wateja wako wa asubuhi waliokuwa wanakwenda Moro na Dodoma walikuwa wangapi. Wengi wao sasa wanapandia katikati ya jiji, na huko hawapiti mbele ya fremu yoyote ya Mbezi.

Kwa hiyo hata ungepata meza zile zile, wasichana wale wale na kibao kile kile, ungefungua saa tisa usiku ukakuta watu wachache wanaangalia simu. Nalisema hili kwa uchungu, maana najua ndicho unachokiota. Umekwenda Mbezi ukakaa kwenye kiti cha abiria. Safari nyingine nenda na kalamu. Usiangalie wanakula nini, angalia wanakula saa ngapi, na wangapi wanapita bila kula.

Njoo kwenye fedha. Kodi ya mwaka kwa laki nne ni 4,800,000. Kilemba 3,000,000. Dalali kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja, 400,000. Hapo hujanunua hata kitunguu na zimeshaondoka 8,200,000. Kuna kodi ya zuio ya pango, asilimia 10, ambayo kisheria inakatwa kwenye fedha ya mwenye fremu, ila wengi wanamtaka mpangaji ailipe juu ya bei. Ikiangukia kwako ni 480,000 nyingine. Katika milioni 12 za kiwanja utabakiwa na milioni tatu na kidogo. Humo itoke friji, meza, viti, mitungi ya gesi, leseni, vipimo vya afya vya wewe na wafanyakazi, mishahara ya miezi ambayo wateja bado hawajakujua, na nyama ya kila siku. Ukiigawa kodi peke yake kwa siku za mwaka inapita shilingi 13,000 kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Tuseme kila bakuli linakubakizia 500 baada ya nyama, moto na viungo. Bakuli 27 za kwanza za kila siku ni za mwenye fremu, kabla hujamlipa msichana wala hujajilipa wewe.

Halafu umesema fremu iko barabarani. Wewe ni mtu wa Kimara, sina haja ya kukukumbusha 2017, nyumba zilivyobomolewa kutoka hapo kwenu hadi Kiluvya kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Kwenye barua yako hakuna mahali ulipoandika kwamba umeuliza kama fremu hiyo iko nje ya hifadhi ya barabara. Dalali hatakuambia. Na kilemba unamlipa mpangaji anayetoka. Mwenye fremu hakitambui, na siku akitaka fremu yake huna wa kumdai fedha hiyo. Jiulize pia huyo mpangaji kwa nini anatoka, kama biashara ya pale ni nzuri kama unavyoambiwa.

Sasa kijana wako. Dada, hapo ndipo nilipoisoma barua yako mara mbili. Wivu ulioupata usiuonee aibu, ni wivu wa mtu aliyekutana na kitu chake mikononi mwa mwingine. Lakini fikiria: kati ya vyote vya Ubungo, supu yako ndiyo iliyofika Mbezi, na imefika bila wewe kulipa kodi wala kilemba. Imebebwa na mtoto anayekuita mama na kukuwekea bakuli. Wapo wapishi wanaoondoka na mapishi ya bosi wao na wakikutana naye njiani wanageuza uso. Wako anakuita.

Nenda, safari hii umalize bakuli. Kisha mwambie unataka kufanya naye kazi, na useme kabisa kwamba unazungumzia kazi, maana ukienda kama mgeni atakupa soda na kiti. Ana banda, ana wateja, bila shaka kuna vitu vinamshinda. Vijana wengi wenye mabanda wanapika vizuri na kuhesabu vibaya; wewe uliendesha daftari la madereva miaka yote hiyo na kiwanja ukanunua. Pengine anahitaji mtu wa kukaa kwenye fedha na kusimamia jikoni, akiwa amekaa, kwa ajili ya miguu hiyo. Pengine anahitaji chapati. Anzeni na kipindi kifupi mkipatane malipo yako kwa maandishi, hata kama ni nusu ukurasa na sahihi mbili na shahidi mmoja, maana kuitana mama na mwanangu kusiwe sababu ya mtu kuona haya kudai haki yake. Kipimo changu kingekuwa Desemba, Wachaga wakipanda kwenda kula Krismasi nyumbani na stendi ikafurika. Kama banda lenu wakati huo linazidiwa, mtajua pamoja kama kuna nafasi ya kitu kikubwa zaidi, na mtajua kwa fedha ya banda bila kugusa kiwanja. Kama Desemba yenyewe ni ya wasiwasi, utakuwa umeokoa milioni kumi na mbili.

Zaidi ya hapo, masufuria yaliyo chumba cha nyuma ni mtaji. Kimara nzima ina misiba, ndoa, vipaimara, maulidi, na kila shughuli inatafuta masufuria makubwa na mtu anayejua kuyajaza. Wakodishe vyombo, na pale nguvu inapokuruhusu chukua tenda ya kupika pia. Mteja wa shughuli anatanguliza fedha ya chakula kabla hujawasha moto, na watu unawajua idadi tangu mapema. Kwa mtu wa miaka 59 asiye na fremu, sijui biashara ya chakula iliyo na usalama kuliko hiyo. Kwa kongoro la usiku kucha piga hesabu ya gesi mapema, maana moto huo ndio utakaokula faida yako. Mkaa usiujengee mipango ya muda mrefu: mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameingia kwenye nishati safi ifikapo 2034, na wapikao kwa wingi ndio walioanza kubanwa.

Kibao chenye jina usikiache kwenye stoo. Kama kijana atakubali, kitundike bandani kwake. Wapo madereva watakaokisoma wakiwa bado kwenye usukani.

Umesema mume wako amenyamaza. Muulize usiku huu huu anafikiri nini kuhusu kiwanja cha Kibaha, na umwache amalize kusema. Mtu akinyamaza kwenye jambo la fedha za uzeeni mara nyingi anaogopa kuonekana anamzuia mwenzake, na wewe unahitaji kusikia hofu yake kabla ya ahadi za dalali. Huyo dalali akipiga simu, mwambie fremu ampe mwingine. Atasema kuna mtu tayari ameshika fedha mkononi. Mwambie ni sawa, ampe. Ukishakata simu hiyo, mpigie kijana wako umuulize Jumamosi anahitaji chapati ngapi.